Xeno-canto: tovuti ya kusikia kwa masikio yako vita vya kekeo na wenye viota

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aende zake: kama umewahi kusikia habari za kekeo, yule ndege anayeenda kutaga kwenye kiota cha mwenzake halafu anaondoka jumla, kulea halei, kulisha halishi, na ukajiuliza hivi hao wenye viota wanakubali tu au nao wana namna ya kujilinda, basi fungua tovuti ya xeno-canto. Ni bure, kusikiliza hakuhitaji akaunti, na kwenye simu inafunguka vizuri tu. Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaieleza huko mbele, ina sababu.

Kwa asiyeijua, hili ni ghala la sauti za ndege lililoanzishwa 2005 na Waholanzi wawili, Bob Planqué na Willem-Pier Vellinga, na tangu hapo watu wa kila pembe ya dunia, wanasayansi kwa wapenzi wa ndege wa kawaida, wanapandisha humo walichorekodi wao wenyewe. Spishi za ndege zimeshapita 10,000, maana yake karibu ndege yeyote utakayemtaja yumo, na siku hizi wameongeza panzi, vyura na popo. Kila rekodi ina namba inayoanza na XC, jina la aliyerekodi, tarehe, saa, ramani, alama ya ubora kuanzia A mpaka E, na kitu ninachokipenda kuliko vyote, sonogramu, yaani picha ya sauti yenyewe, muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, sauti nyembamba inakaa juu na nzito inakaa chini. Ukishazoea kuisoma hiyo picha unaanza kuona vitu ambavyo sikio peke yake linavipita.

Sasa kwa nini nimeamua kuiandikia maoni kwa upande wa kekeo tu wakati ndege wamejaa humo? Kwa sababu habari za kekeo zinazozunguka mitandaoni ni zile zile za mayai, unaonyeshwa picha ya kiota, mayai yanafanana, moja kubwa kidogo, basi habari imeisha. Wakati sehemu kubwa ya hivi vita inapiganwa kwa sauti, na hiyo sehemu huwezi kuielewa kwa kusoma, mtu anaweza kukuandikia kurasa na kurasa kwamba kinda wa kekeo analia kwa kasi na bado usimuelewe mpaka siku umsikie. Hapo ndipo hii tovuti inapolipa.

Anza na kekeo wa Ulaya na Asia, andika Cuculus canorus kwenye kisanduku cha kutafutia (majina ya kisayansi ndiyo salama zaidi humo, hayakuchanganyi). Zitakuja rekodi kibao, nyingi za dume, ule mlio wake wa noti mbili unaojulikana sana, na kwenye sonogramu ni vistari viwili vifupi chini kabisa, cha kwanza kiko juu kidogo ya cha pili, pazuri mno kwa anayejifunza kusoma picha. Sikiliza mmoja au wawili halafu achana nao. Unayemtaka ni jike. Ongeza sex:female pale pale kwenye kisanduku na hapo ndipo uhondo unapoanza, maana jike halii kama dume hata kidogo, ana mlio wa kububujika, noti nyingi zimefuatana mbio mbio bila kupumua halafu zinakatika. Usifunge huo ukurasa. Fungua mwingine, andika Accipiter nisus, huyu ni kipanga, mwindaji wa ndege wadogo, msikilize na ki-ki-ki-ki yake. Rudi kwa kekeo jike. Rudi kwa kipanga. Weka sonogramu zao karibu karibu uone noti zilivyopangana, si sawa kabisa, lakini mwendo wao unakaribiana kiasi kwamba ndege mdogo aliyeko kwenye matete, anayejua kwamba kipanga ni kifo, hawezi kukaa atafakari tofauti.

Na hapo kuna kisa. Kekeo jike anapotaka kutaga anavizia kwa muda mrefu kimya kimya, anashuka kiotani, anatoa yai moja la mwenyewe, anataga lake, na shughuli yote hiyo huwa ni kama sekunde kumi hivi. Halafu mara nyingi akishamaliza ndio anapiga huo mlio wa kububujika kwa nguvu. Sasa mwizi gani anapiga kelele baada ya kuiba? Jenny York na Nick Davies wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilijaribu swali hili kwenye eneo la matete la Wicken Fen, Uingereza, kwa ndege mdogo wa matete Acrocephalus scirpaceus, mmoja wa wahanga wakubwa wa kekeo, na matokeo yao yalitoka 2017. Waliwapigia ndege sauti za spika karibu na viota, sauti ya kekeo dume, ya kekeo jike, ya kipanga na ya njiwa asiye na madhara. Kwa dume na njiwa ndege hawakujali sana. Kwa kekeo jike walishtuka kama walivyoshtuka kwa kipanga, wakawa wanaangaza angaza huku na kule, na la maana zaidi, uwezekano wao wa kulitupa yai geni ulipungua. Yaani ule mlio unawahamisha akili kutoka kwenye kukagua mayai kwenda kwenye kuokoa roho zao. Nilikuwa nimeshayasoma haya kabla, ila niliposikia rekodi mbili zile moja baada ya nyingine ndio yakaingia.

Sasa upande wa mwenye kiota. Kekeo hafanani na kipanga kwa sauti ya jike tu, hata mwili, tumbo la mistari, mkia mrefu, namna ya kuruka, kwa hiyo ndege mdogo ana mtihani mgumu, akimvamia kekeo kumfukuza anaweza kujikuta amevamia kipanga. Ndege wa matete wanautatua huu mtihani kwa kuangaliana. Davies na Justin Welbergen walionyesha 2009 kwamba ndege akiona majirani zake wanamzonga kekeo, wanamrukia na kumpigia kelele, naye baadaye kwenye kiota chake anaongeza ukali dhidi ya kekeo, ila akiona majirani wanazonga sanamu ya kasuku hajifunzi kitu, kana kwamba akili yake iko tayari kupokea somo la kekeo na si la kila kiumbe. Halafu kekeo naye akajibu, maana majike wapo wa rangi mbili, wa kijivu na wa kahawia nyekundu, na Rose Thorogood akiwa na Davies wakaonyesha 2012 kwamba ndege aliyejifunza kwa kekeo wa kijivu anakuwa mkali kwa wa kijivu tu, wa kahawia anapita. Rangi ikiwa adimu mahali inalipa, ikizidi kujulikana inaacha kulipa. Ukitaka kusikia huko kuzonga kwenyewe, andika Acrocephalus scirpaceus na uchague type:"alarm call", utapata sauti za kukwaruza kavu kavu, tofauti kabisa na wimbo wake wa kawaida ambao unaenda tu kwa muda mrefu kama gumzo.

Kuhusu milio ya tahadhari kuna jambo jipya zuri zaidi. Oktoba 2025 timu ya watafiti wakiwemo Will Feeney na James Kennerley ilitoa utafiti unaoonyesha kwamba spishi zaidi ya 20 za ndege, kwenye mabara manne, ndege ambao kiukoo wameachana mamilioni ya miaka, wote wakimuona ndege wa kuvamia viota wanatoa mlio unaokaribiana, wa kunung'unika, na ndege wa nchi moja akipigiwa mlio wa ndege wa nchi ya mbali anaitikia, anakuja. Sehemu moja ya huo mlio ni ya kuzaliwa nayo, sehemu nyingine, yaani wakati gani wa kuutumia, wanajifunza. Sijui kama kuna kazi inayoifaa hii tovuti kuliko hiyo, maana unaweza kufungua rekodi za tahadhari za ndege wa Australia, wa Afrika na wa Asia kwenye kurasa tatu na kuzipiga zote hapo hapo ulipokaa.

Tuje kwa makinda, na hapa ndio pananishika zaidi.

Kinda wa kekeo wa Ulaya anaanguliwa baada ya siku kama 11 au 12, mara nyingi akiwatangulia wenyeji, hana manyoya, macho bado hayajafunguka, na ndani ya siku moja au mbili anajipenyeza chini ya yai, analiweka mgongoni kwenye kishimo alichozaliwa nacho, anapanda kinyumenyume mpaka ukingoni na kulimwaga. Moja, jingine, mpaka abaki peke yake. Aliyeyaandika haya vizuri kwa mara ya kwanza ni Edward Jenner mwaka 1788, ndio huyo huyo wa chanjo ya ndui, na watu wengi hawakumuamini. Sasa kinda amebaki mmoja, lakini mwili wake utahitaji chakula cha kiota kizima, na wazazi wa kambo wanazoea kulisha kwa kuangalia midomo mingapi imefunguka na kelele ni kiasi gani. Mdomo anao mmoja. Kwa hiyo anaongeza kelele. Tafuta Cuculus canorus kisha type:"begging call" na usikilize, ni si-si-si-si-si nyembamba isiyo na nafasi katikati, na kwenye sonogramu inajaa kama meno ya kitana. Halafu tafuta kinda wa ndege wa matete, analia kimoja kimoja, tsip, ananyamaza, tsip. Hiyo tofauti ndiyo hesabu yote. Davies, Rebecca Kilner na David Noble walifanya jaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 ambalo mimi naliona ni zuri mno kwa urahisi wake: waliweka kwenye kiota cha ndege wa matete kinda wa ndege mwingine mwenye ukubwa kama wa kekeo, wazazi wakamlisha lakini si kwa kiwango cha kekeo, kisha wakaweka spika ndogo pembeni inayotoa kilio cha kinda wa kekeo kila huyo kinda anapoomba, na kasi ya kulisha ikapanda. Kinda mmoja, sauti ya kundi.

Sasa swali ambalo kila mtu analiuliza, na ni swali la haki: hawa ndege wanaweza kutambua yai geni wakalitupa, inakuwaje wanashindwa kutambua kinda ambaye kawazidi wao wenyewe kwa ukubwa? Jibu ninaloliona na mantiki zaidi lilitolewa na Arnon Lotem 1993. Mayai ndege anaweza kujifunza, anatazama mayai yake ya kwanza, anayashika sura, hata kekeo akiongeza lake, ya kwake bado yamo. Ila kwa makinda, kekeo akimpata kwenye uzazi wa kwanza kabisa, anayebaki kiotani ni kekeo peke yake, kwa hiyo ndege anayejifunza sura ya makinda wake kwa uzazi wa kwanza angeshika kwamba mwanangu ni huyu, na angewakataa watoto wake wa kweli maisha yake yote. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kudanganywa mara moja moja. Kwa hiyo bora asijifunze kabisa. Inauma kuisoma lakini hesabu inakubali.

Ndio maana ndege wa Australia wanastahili kusikilizwa kwa makini, wao wameivuka hiyo hatua. Andika Malurus cyaneus. Ni kandege kadogo, dume ana bluu ya kung'aa kichwani, mkia juu, nitamuita maluru. Anavamiwa na kekeo wawili wadogo, Chrysococcyx basalis na mara chache Chrysococcyx lucidus. Naomi Langmore na wenzake walionyesha 2003 kwamba maluru jike anasusa kiota chenye kinda wa kekeo, anaondoka tu, anamuacha huyo kinda na njaa yake na anaenda kujenga upya. Kinda wa Chrysococcyx lucidus walisuswa wote, wa basalis walisuswa karibu wanne katika kila kumi. Mbona tofauti? Kwa sababu kinda wa basalis kilio chake kinafanana na cha makinda wa maluru, na Langmore alikuja kuonyesha 2008 kwamba kinda huyo akiwekwa kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine anabadilisha kilio chake ndani ya siku chache kufuata nyumba aliyomo. Nyumba hii analia hivi, nyumba ile analia vile, na hakuna aliyemfundisha, anajaribu milio na anashika inayomletea chakula.

Halafu 2012 Diane Colombelli-Négrel, Sonia Kleindorfer na wenzao wakatoa kitu ambacho kilinifanya nirudie kusoma ukurasa ule ule. Walikuwa wameweka maikrofoni kwenye viota wakasikia jike anaimbia mayai. Mayai, si makinda. Kuanzia siku ya tisa au kumi hivi ya kuatamia mpaka yaanguliwe, jike anarudia mlio mmoja maalumu akiwa amekaa juu yake, na makinda wakitoka, kilio chao cha kuomba chakula kina kipande kile kile ndani yake, na kila jike ana kipande chake tofauti na cha jirani. Ni neno la siri. Wakabadilishana mayai kati ya viota kuhakikisha kwamba si kurithi, na makinda wakatoka na neno la mama aliyewaatamia, si la mama aliyewataga, maana yake walijifunza wakiwa ndani ya yai. Kekeo anakwama hapa kwa sababu ya ile ile haraka yake, anaanguliwa siku kadhaa kabla ya wenyeji, kwa hiyo muda wa kusikia somo ni mdogo. Silaha yake ya kuwahi kutoka ndiyo imekuwa udhaifu wake. Huu si ulinzi wa kumfukuza mvamizi wala wa kutupa yai, ni ulinzi wa kumuandaa mtoto wako kabla hajazaliwa ili umjue akifungua mdomo, na ukisikiliza rekodi za maluru ukiwa umeshajua hili, vile vilio vyembamba vya makinda havitakuwa tena kelele tu.

Wapo wengine wasiosubiri hata kususa. Gerygone magnirostris, ndege mdogo wa kaskazini mwa Australia, watafiti kutoka Japani walimrekodi kwa video akimshika kinda wa kekeo Chrysococcyx minutillus kwa mdomo na kumburuta nje ya kiota akiwa hai, na matokeo hayo yalitoka 2010. Na kekeo wa huko wamejibu kwa sura, makinda wao wamefanana na makinda wa mwenyeji kwa rangi ya ngozi na hata manyoya yale laini ya kichwani.

Haya, nyota niliyoibana.

Kwanza, hili ni ghala, halina mwalimu. Hakuna mahali patakapokuambia sikiliza hiki kisha kile kwa sababu hii, kisa kizima nilichokueleza hapo juu unapaswa kuja nacho mwenyewe, ukija mikono mitupu utasikia ndege wanalia na utafunga ukurasa. Pili, wanaopandisha rekodi wengi wao wanarekodi kile kinachosikika kirahisi, nyimbo za madume asubuhi, kwa hiyo vilio vya makinda na milio ya kiotani ni michache ukilinganisha na nyimbo, na ule mlio wa kuimbia mayai ulipatikana kwa maikrofoni iliyowekwa kiotani na watafiti, si kitu cha mtu anayepita na simu yake. Tatu, anayeandika aina ya mlio ni yule yule aliyerekodi, mmoja ataita tahadhari, mwingine ataita mlio tu, kwa hiyo usitegemee kichujio peke yake, soma na maelezo ya chini, mara nyingi mtu ameandika pale alichokiona, kwamba ndege wawili walikuwa wanamzonga kekeo juu ya nguzo, na hayo maelezo yanakufaa kuliko kichujio chochote.

Na la nne, ambalo si kosa la tovuti, ni kwamba nusu nyingine ya vita ni ya macho na humo haimo. Huko Choma, kusini mwa Zambia, Claire Spottiswoode na Martin Stevens wamechunguza Prinia subflava, ndege mdogo wa nyasi ambaye majike wake hutaga mayai ya rangi tofauti tofauti, meupe, ya bluu, mekundu mekundu, ya kijani ya zeituni, na kila jike ana michoro yake, vidoa na mistari inayokaa kama saini. Anayewavamia hapo si kekeo kwa ukoo, ni Anomalospiza imberbis, lakini tabia ni ile ile, na jike wa mvamizi rangi ya yai lake haibadiliki maisha yake yote, kwa hiyo akitagia kiota chenye rangi tofauti yai lake linatupwa. Walilinganisha mayai yaliyokusanywa hapo kwa miaka 40 wakaona rangi za pande zote mbili zimehama, mwenyeji anakimbia, mvamizi anafuata. Kuna na mramba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, anayevamiwa na kekeo wa Afrika Cuculus gularis ambaye ameiga mayai yake vizuri sana, lakini kwa vile kila mramba jike ana saini yake, utafiti wa Jess Lund na wenzake wa 2023 ulikadiria kwamba mayai ya kekeo zaidi ya tisa katika kila kumi yangekataliwa. Kuiga aina nzima ya ndege kekeo ameweza, kuiga jike huyu wa kiota hiki ni bahati nasibu.

Na kisa cha kwera ndio kinachonionyesha kwamba ulinzi una gharama. Ploceus cucullatus, kwera anayefuma viota vya kuning'inia, kwao Afrika mayai ya jike mmoja yanafanana sana yenyewe kwa yenyewe na yanatofautiana sana na ya jike mwingine, ndivyo anavyomkamata Chrysococcyx caprius. Watu waliwapeleka kwera visiwani, Hispaniola kutoka Afrika Magharibi yapata karne mbili zilizopita, na Mauritius kutoka Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, ambako hakuna kekeo wa kuwavamia. David Lahti alipima mayai yao akatoa matokeo 2005: mayai ya kiota kimoja yalikuwa hayafanani tena kama zamani, na tofauti kati ya jike na jike ilikuwa imepungua. Adui ameondoka, saini zimeanza kufifia. Haya yote ni ya mayai, ukiingia kwenye ukurasa wa kwera kule xeno-canto utapata kelele zao tamu za kundini, ila hili hutaliona.

Neno moja la msisitizo kabla sijamaliza: tafadhali usichukue rekodi za humo ukaenda kuzipiga kwa spika karibu na kiota cha kweli, hasa mlio wa kipanga au wa kekeo. Umeshaona kwenye jaribio la Wicken Fen kwamba mlio mmoja tu unaweza kumfanya ndege aache kukagua mayai yake. Watafiti wanafanya kwa vibali na kwa mpango, sisi wengine hedifoni zinatosha. Tovuti yenyewe imezuia kusikilizwa kwa rekodi za baadhi ya ndege walio hatarini kwa sababu wapo wanaotumia sauti kuwanasa, na hilo naliunga mkono asilimia mia.

Watu huuliza kama si bora kuwa na apu ya simu inayotambua ndege kwa sauti. Ni kazi mbili tofauti, apu inakuambia nani analia hapo ulipo sasa hivi, hapa unalinganisha jike na dume, kinda na mzazi, bara na bara, na hakuna apu niliyoiona inayokupa hiyo nafasi.

Kama ndio unaanza, mimi ningekupangia hivi: kekeo jike, kipanga, kinda wa kekeo, kinda wa ndege wa matete, kisha maluru na tahadhari zake. Chuja kwa q:A ili upate rekodi safi zisizo na upepo, vaa hedifoni, na zile utakazozipenda zidaunlodi, nyingi zinaruhusiwa kwa matumizi yasiyo ya biashara mradi umtaje aliyerekodi, kisha zifungue kwenye Raven Lite, programu ya bure ya kuchambua sauti kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, upunguze mwendo mpaka nusu. Kilio cha kinda wa kekeo kikipunguzwa hivyo ndipo unaweza kuzihesabu zile "si" zake moja moja.